Mama Nani? Uzazi na Utasa katika Ngoma na Picha za Wanawake

Mwanamke mgeni ahamiapo mtaa wa Ujiji, kama ilivyo katika miji mingi ya Waswahili, hazipiti siku nyingi kabla ya jirani zake kumwuliza, "Mama nani?" Jina alilopewa na wazazi wake huwekwa kando kama nguo ya utoto, akaitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza mpaka mwisho wa maisha yake. Swali lenyewe huulizwa kwa wema. Aulizaye hataki ila kujua amwiteje mwenzake kwa heshima. Lakini katika kila mtaa yuko mwanamke mmoja au wawili wasio na jibu, na kimya chao ni jambo ambalo fasihi yetu imelipita mbio. Washairi wetu wamemsifu mama kwa beti zisizohesabika. Mgumba wamemtaja kwa huruma, au kwa dhihaka, au hawakumtaja kabisa.

Nia ya makala haya ni kutazama jinsi wanawake wenyewe walivyolijibu swali hilo, si kwa kalamu, bali kwa miili yao mbele ya watazamaji: kwanza katika ngoma za kando ya Ziwa Tanganyika na za pwani, kisha katika picha za video za wasanii wa Afrika Mashariki wa zama hizi. Madai yangu ni haya. Katika ngoma, uzazi ulikuwa tendo lililotendwa na kushuhudiwa, wala haukuwa mali ya tumbo peke yake. Kwa hiyo asiyezaa alikuwa na mahali pake uwanjani, na mara nyingine mahali pa juu. Lakini mahali pale palikuwa na bei, na bei hiyo haijasemwa vya kutosha na sisi tunaopenda kuisifu ngoma.

Tuanze na maneno. Kiswahili kina neno mzazi, na neno hilo humfaa baba na mama. Lakini likisemwa katika nyumba yenye mtoto mchanga, maana yake ni mwanamke aliyejifungua karibuni, mtu wa kupikiwa uji na kukandwa kwa maji ya moto. Ni cheo. Kwa asiyezaa tuna mgumba na tasa, na hili la pili husemwa juu ya mwanamke na juu ya ng'ombe bila tofauti. Wataalamu wa hisabati waliliazima, wakaita namba tasa ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa nafsi yake yenyewe; nami sijizuii kusema kwamba wamelitendea neno hilo heshima ambayo wanafasihi hawajalitendea, maana katika hisabati namba tasa ndizo zinazounda namba nyingine zote. Hata hivyo lugha yetu ina nia mbili katika jambo hili. Dada wa mama huitwa mama mkubwa au mama mdogo, azae asizae. Mwanamke mwenye umri huitwa mama na watu wasiomjua. Lugha ile ile iulizayo "Mama nani?" imekwisha kumwita mama kabla hajajibu.

Wanafunzi wetu waandikapo juu ya uzazi katika sanaa ya kutenda, yaani sanaa ambayo mwili wa msanii ndio chombo chake, au katika sanaa ya video, aghalabu huanza safari yao London au New York. Hawakosei kuyasoma ya huko. Mary Kelly alionyesha London mwaka 1976 sehemu ya kazi yake iitwayo Post-Partum Document, ambayo aliifanya tangu 1973 hata 1979: vitambaa vya nepi za mwanawe vyenye alama za choo, michoro na maneno ya mtoto, na maelezo ya mama juu ya hayo yote. Magazeti yalipiga kelele. Jambo kubwa katika kazi hiyo ni kwamba mama mwenyewe haonekani. Twaiona kazi yake, sura yake hatuioni. Mtu aliyelelewa na ngoma ataliona jambo hili kuwa geni, kwa kuwa katika ngoma mambo ni kinyume chake: sura na kiuno huonekana, na kazi ya ndani ndiyo ifichwayo. Kwa sababu hiyo sidhani kwamba tutaifahamu video ya mwanamke wa Afrika Mashariki tukiitazama kama mjukuu wa London peke yake. Ana bibi mwingine, na bibi huyo ni ngoma.

Neno ngoma, kama ijulikanavyo, ni chombo kipigwacho, tena ni mchezo uchezwao, na katika sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki na ya Kati ni uganga pia. Maana hii ya tatu ndiyo iliyokuwa na uzito Ujiji.

Ujiji ulikuwa mji wa soko kabla haujawa mji wa Livingstone na Stanley, waliokutana hapo mwaka 1871. Misafara ya pembe na ya watumwa ilivuka ziwa kutoka Manyema, upande wa Kongo, na pamoja na pembe walikuja watu, wengi wao wanawake. Hao na wazao wao waliitwa Wamanyema, wakawa wenyeji wa mji, Waislamu wenye kusema Kiswahili. Fikiri, msomaji, maana ya kuwa mwanamke aliyetekwa. Hana mama wa kumlilia, hana shangazi wa kumwonya, hana ukoo wa kumpokea mtoto wake. Na akizaa, mtoto aweza kuhesabiwa kuwa mali ya bwana. Kwa mtu wa namna hiyo uzazi si jambo la kurithi. Ni jambo la kujengwa upya tangu msingi, pamoja na watu wengine waliopoteza kama alivyopoteza yeye.

Mwaka 1886 kilichapishwa London kitabu cha safari cha Annie Hore, mke wa mmisionari, aliyebebwa na wapagazi kutoka pwani hata ziwani katika kiti cha magurudumu, yeye na mwanawe mdogo. Kitabu hicho kilimpa msomaji wa Ulaya picha ya mama kando ya Ziwa Tanganyika. Mama wa Ujiji hakuwa na mchapishaji. Alikuwa na kanga. Mwanahistoria Sheryl McCurdy ameihusisha nguo hiyo, iliyozuka kati ya mwaka 1880 na 1900 hivi, na wanawake wa Kimanyema na jinsi walivyojipamba na kujitambulisha. Nitairudia kanga hapa chini, kwa kuwa ina kazi katika hoja yangu kuliko ya mapambo.

McCurdy huyo huyo, ambaye tasnifu yake ya mwaka 2000 inahusu uzazi, tiba na vyama katika maisha ya Wamanyema wa Kigoma, ametufunulia mambo mawili. La kwanza ni kwamba kati ya mwaka 1926 na 1936 watawala wa Kiingereza waliingiwa na hofu kwamba wanawake wa Kimanyema hawazai vya kutosha, wakaitazama hali hiyo kama maradhi ya mji: maradhi ya zinaa na maradhi ya tabia. La pili ni kwamba wanawake hao walikuwa na vyama vyao wenyewe, na humo uzazi na kutozaa vilishughulikiwa kwa njia nyingine kabisa. Katika jalada la ofisi, asiyezaa ni hesabu iliyopungua. Uwanjani ni mtu mwenye jina, tena mwenye kucheza.

Ujiji haukuwa peke yake katika hayo. Nyuma ya mji, katika nchi ya Waha, palikuwa na kubandwa, ibada ya Kiranga iliyoenea Burundi na Buha, jamaa ya ile ya Ryangombe huko Rwanda. Iris Berger, aliyezichunguza ibada hizi katika nchi za Maziwa Makuu, ameeleza kwamba wanawake wengi waliingia humo kwa sababu ya maradhi, na hasa kwa kukosa watoto. Aliyeingizwa alipata jamaa mpya. Alipopandwa na pepo, mwanamke aliweza kuvaa mavazi ya kiume, kukalia kigoda, na kusema kwa amri ambayo siku nyingine asingeruhusiwa kuitoa. Litazame tendo hilo kwa macho ya mhakiki wa sanaa. Mtu aliyekuja kwa sababu ya tumbo lake anaondolewa katika habari ya tumbo. Anavikwa nguo isiyo yake, anapewa sauti isiyo yake, na wale waliomhurumia asubuhi wanamsikiliza jioni. Sijui mchezo wa kuigiza katika vitabu vyetu uliofanya ugeuzi mkubwa kuliko huo kwa muda mfupi hivyo.

Upande wa pili wa ziwa, kusini-magharibi, Watabwa walichonga sanamu ndogo ya pacha aliyekufa, iitwayo mpundu, na mama akaitunza kama amtunzavyo mtoto aliye hai. Mgeni akiiona sanamu hiyo katika makumbusho, ndani ya sanduku la kioo, huiita kazi ya uchongaji. Lakini sanamu ilikuwa nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ilikuwa mikono ya mama, na mikono haikusafirishwa.

Sasa niseme juu ya ile bei. Mgumba aliingia ngomani kama mgonjwa. Alipewa heshima, alipewa ndugu, alipewa sauti. Lakini mlango alioingilia uliitwa tiba, na kila tiba hutazamia kupona. Akizaa, ngoma imefaulu, na watu watasimulia. Asipozaa atabaki kuwa mwanachama, pengine atapanda cheo mpaka yeye mwenyewe awe mganga wa wengine, na hilo si jambo dogo. Lakini sijui ngoma ambamo mwanamke husimama katikati ya uwanja akasema kwamba hakuzaa, na kwamba habari imekwisha hapo. Na yule asiyetaka kuzaa, tofauti na asiyeweza, hana hata mlango. Wenzangu wengi waandikao juu ya ngoma za wanawake hulikwepa jambo hili kwa sababu wanataka ngoma iwe paradiso iliyoharibiwa na wageni. Haikuwa paradiso. Ilikuwa hospitali nzuri kuliko ile ya serikali, nayo, kama hospitali zote, iliandika wagonjwa mlangoni.

Aliyelikaribia sana neno hilo lisilosemwa ni Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyefariki Unguja tarehe 17 Aprili 2013. Namtoa msomaji ziwani kwa sababu maalumu: njia ya misafara iliyoanzia Manyema na kupita Ujiji ilikuwa na mwisho wake pwani na Unguja, na mambo ya ngoma husafiri na watu. Bi Kidude alifuata nyayo za Siti binti Saad katika taarabu, na ulimwengu ulimjua kwa hayo. Lakini nyumbani alikuwa pia kungwi, mwalimu wa unyago, naye hakuwa na mtoto. Mambo haya mawili hutajwa katika habari za maisha yake kana kwamba hayakuhusiana. Aliyewafundisha mabinti kuwa wake na kuwa mama hakuwahi kuwa mama, na hapakuwa na mtu aliyeona kwamba sifa imempungua.

Iko namna moja ambayo watu wengi wamemwona kwayo: amesimama, ngoma ameifunga kiunoni kwa kanga, imeshuka katikati ya miguu yake, naye anaipiga kwa viganja. Wengi husema kwamba huo ni mzaha wa uume, nao hawakosei, kwa kuwa unyago hufundisha mambo hayo bila haya. Ila mimi naitazama ile kanga. Imefungwa kama mbeleko ifungwavyo, tofauti ni kwamba mbeleko hukaa mgongoni na hii imekaa mbele. Mwanamke asiye na mtoto amejifungia mbele ya tumbo lake kitu kilicho kitupu ndani, akakipiga, nacho kikasema. Sitaki kudai kwamba ndivyo alivyokusudia. Wala yeye asingekuwa na subira ya kumsikiliza mhakiki. Lakini tendo lililotendwa mbele ya macho ya watu lina haki ya kusomwa, kama shairi lilivyo na haki hiyo hata kama mtunzi hayupo.

Hapo ndipo kamera inapoingia, na mashaka yangu pamoja nayo. Mwaka 2006 filamu ya Andy Jones, As Old as My Tongue, ilimpeleka Bi Kidude kwa watazamaji wasiowahi kufika Unguja, na unyago, ambao asili yake ni siri ya wanawake, ulikwisha kupanda jukwaani kwa mikono yake mwenyewe. Wako waliomlaumu kwa kuifunua siri. Lawama yangu si hiyo, wala haimhusu yeye. Ni kwamba kwa mtazamaji wa mbali, umri wake mkubwa na sigara yake vilikuwa vitamu kuliko kazi yake. Kungwi bila mwari ni mwimbaji tu. Katika uwanja wa ngoma hakuna mtazamaji mtupu. Kila aliyepo huitikia, hupiga makofi, au hufukuzwa. Kamera haiitikii. Inamchukua kiongozi na kuwaacha waitikiaji, na katika habari ya mwanamke asiyezaa waitikiaji ndio ushahidi wote, kwa kuwa hao ndio watoto wake.

Kwa kipimo hicho cha mwitikio nataka kupima kazi za wasanii wawili wa siku hizi. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, alionyesha Venice mwaka 2015 video yake The End of Carrying All, ya skrini tatu zilizopangwa sambamba. Mwanamke, ambaye ni msanii mwenyewe, anatembea katika nchi tupu akiwa na kikapu kichwani. Kadiri anavyokwenda mzigo unakua: magurudumu, majumba, mitambo. Mgongo unapinda. Mwisho mbebaji na mzigo wanakuwa donge moja, nalo linaporomoka na kumezwa na ardhi. Wahakiki wengi wameisoma kazi hii kama onyo juu ya ulafi wa dunia, na usomaji huo ni sahihi. Lakini msomaji wa Kiswahili hawezi kulisikia neno kubeba bila kusikia mimba ndani yake. Kikapu kile kina kila kitu isipokuwa mtoto. Desturi yetu humsifu mwanamke abebaye kwa kuwa twajua kilicho mwisho wa safari. Hapa mwisho wa safari hakuna kilichozaliwa. Kinyume cha uchungu wa kuzaa kimetokea: badala ya kiumbe kutoka kwa mwanamke, mwanamke amerudi ndani ya udongo. Ni kazi yenye ushujaa, na ni ya kwanza, katika hizi ninazozijadili, kukataa tiba. Haimwombei mwanamke huyo mtoto, wala haimhurumii. Upungufu wake, kama ni upungufu, ni kwamba hana mtu. Hakuna wa kumtua mzigo wala wa kuitikia. Amepata uhuru wa kutopona, lakini kwa kuupoteza uwanja.

Rehema Chachage, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987 na kusomea sanaa Cape Town, ameshika njia nyingine. Katika kazi zake za video, sauti na matendo ameshirikiana na mama yake, mwandishi na mchapishaji Demere Kitunga, na bibi yake pia, akizitumia hadithi na desturi zilizopokezwa na wanawake wa ukoo wao. Hapa waitikiaji wamerudi. Sauti moja inaanza na nyingine inapokea, na kamera si mgeni tena, maana aliyeishika ni mmoja wa wenye nyumba. Naiona njia hii kuwa bora kuliko ile ya filamu za wageni, na nafurahi kuona vijana wakiifuata. Lakini ninalo swali kwa hao waifuatao, wala si kwa msanii, ambaye hawezi kulaumiwa kwa kuwa na ukoo. Bibi, mama, binti: mlolongo huo unakwenda kwa uzazi. Kila kiungo chake ni mwanamke aliyezaa mwanamke. Tukiufanya kuwa ndiyo maana ya urithi wa wanawake, tumemfungia mgumba nje ya mlango ambao hata ngoma ya zamani ilimfungulia. Hadithi yake ataipokea nani?

Jibu limo katika neno la unyago lenyewe. Somo ni mwanamke amfunzaye mwari. Tena ni mtu mwenye jina moja nawe. Tena ni funzo lenyewe. Neno moja limekusanya mwalimu, jina na elimu, na hapana tumbo ndani yake. Somo huchaguliwa. Mwari hakutoka kwake, lakini atakayemwuliza mwari amejifunza kwa nani atatajiwa jina lake, na jina hilo laweza kuvuka vizazi bila damu kulisaidia. Msanii wa video atakayejenga kazi juu ya ususomo badala ya unasaba atakuwa amefanya jambo ambalo hatujalipata bado: kumpa asiyezaa waitikiaji bila kumwita mgonjwa.

Sioni mahali panapofaa zaidi kwa kazi hiyo kuliko Ujiji na nchi inayouzunguka. Hofu ya mwaka 1926 imekwisha. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa wa Kigoma watu zaidi ya milioni 2.4, na ofisi haina tena sababu ya kumwogopa asiyezaa. Imemsahau, na kusahauliwa nako kuna nafasi yake. Wanawake kutoka ng'ambo ya ziwa wamevuka tena, safari hii kwa kukimbia vita. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imewapokea Wakongo tangu mwaka 1996. Miongoni mwao wako waliofika bila mama, bila shangazi na bila mtoto, kama walivyofika wale wa misafara, na ngoma hawakuziacha nyuma.

Ningependa kamera hiyo isiwekwe mbele ya mchezaji mkuu. Iwekwe kati ya waitikiaji, chini, mahali ambapo vumbi la miguu huifikia. Mwanamke mzee akaribishwe, aulizwe swali lile lile la kila mtaa, "Mama nani?", na mpiga picha asiikate picha hata akikaa kimya muda mrefu, mpaka yeye mwenyewe, au mmoja wa wale aliowafunza, atakapotaja jina.